Kemia, Kama Daktari

Kanisa la Laurel Lick, bonde la wachimba makaa ya mawe milimani, lilikuwa na desturi yake. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti, wale waliohamia Ohio na Michigan kufuata kazi za viwandani walirudi, wakaweka maua makaburini, wakala kuku wa kukaanga na maharage kwenye meza ndefu zilizopangwa uani. Kabla ya chakula, yeyote aliyekuwa akiondoka bondeni mwaka ule alisimama, akasema anakwenda wapi na anakwenda kufanya nini. Hakukuwa na hotuba. Ukishasema, umesema. Kuna kijana mmoja alisimama akasema anakwenda jeshini, na jeshi likamkataa kwa sababu ya nyayo bapa. Hakurudi bondeni miaka sita. Alikaa Dayton akichomelea vyuma, na hata mama yake hakumwita arudi, maana aliona ndivyo inavyostahili.

Arlena Stidham alisimama mwaka aliotimiza miaka kumi na minane. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama ya baba yake, na sauti ambayo watu walipaswa kunyamaza ndipo waisikie. Alisema anakwenda chuoni kusomea udaktari.

Kanisa zima likageuka kumtazama. Bondeni kulikuwa na daktari mmoja tu, Haverkamp, na nywele zake zilikuwa nyeupe tayari. Kabla yake walikuja wawili, wakakaa kipindi cha baridi kimoja kimoja, wakaondoka. Kila mtu kanisani alikuwa amewahi kujiuliza siku Haverkamp akifa itakuwaje.

Mzee wa kanisa, Hobart Slone, ambaye pia ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, alimuuliza kwa upole udaktari unaanzia wapi, maana yeye alijua unapoishia tu. Watu wakacheka. Arlena hakujua unaanzia wapi. Akakumbuka ukuta wa kliniki nyuma ya kiti cha daktari, palipotundikwa chati kubwa ya elementi za kemia, miraba yake ya rangi imepauka, na herufi zake alizozisoma tangu akiwa na miaka kumi na miwili huku akimsubiri baba yake apimwe pumzi.

"Kwa kemia," alisema. "Kama Daktari."

Hapo baba yake, Verlon, akasimama. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi miaka ishirini na sita, na vumbi la makaa lilikuwa limemgandisha mapafu kiasi kwamba kusimama kwake kulikuwa shughuli. Alishika benchi la mbele, akavuta pumzi mara tatu, na wote wakamsubiri.

"Mmesikia," alisema, kisha akakaa.

Hakuna mtu Laurel Lick aliyewahi kuambiwa kwamba Haverkamp alisoma kemia. Walijua tu. Chati ilikuwa pale ukutani, na mtu hatundiki kitu kama kile bure. Wala haikumjia mtu akilini kumuuliza. Kwa daktari unajibu maswali, hayo ya kuuliza ni yake. Verlon alikaa mbele ya mtu yule kila mwezi kwa miaka minane, akajua rangi ya soksi zake zote, na hakuwahi kumuuliza hata anatoka mji gani.

Chuo kilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari. Arlena alipangiwa chumba na msichana aitwaye Dessa, mpiga tarumbeta, aliyekuwa akifanya mazoezi dirishani huku amevaa soksi za sufu. Dessa naye alitaka kuwa daktari. Alipomwambia kwamba anasomea muziki, Arlena alidhani anataniwa.

"Na udaktari?" aliuliza.

"Huo baadaye. Kwanza nipige tarumbeta, we vipi?"

Muhula wa kwanza Arlena alipata C katika kemia. Alisema ni ugeni. Muhula wa pili akapata B hafifu, na ili aipate aliacha kwenda nyumbani kwa Pasaka. Haikuwa kwamba hakuelewa. Alielewa polepole, na mitihani ya kemia haikuwa na subira na mtu wa polepole. Mwaka huohuo, ili kujaza ratiba, alichukua somo la historia ya majimbo ya milimani. Profesa aliwapeleka kwenye chumba cha chini cha maktaba kulikokuwa na makasha ya kumbukumbu za mabaraza ya fidia, ambamo wachimbaji wa miaka ya nyuma waliulizwa maswali na mawakili wa makampuni. Arlena alikaa na makasha yale majuma sita. Alisoma mtu anaulizwa anaweza kupanda ngazi ngapi, naye anajibu kwamba nyumba yake haina ngazi. Alimsikia baba yake katika kila jibu. Aliandika kurasa arobaini, akapata alama ambayo profesa alisema hakuwa ameitoa kwa miaka minne.

Chuoni pale, mwanafunzi alitakiwa kuandika somo lake kuu kwenye fomu kabla ya mwezi Machi wa mwaka wa pili kwisha. Mshauri wa waliotaka udaktari alikuwa Bi Okerlund, mwanamke mkavu aliyeongea kama anayesoma orodha. Alifungua faili la Arlena na kumuuliza kwa nini anataka kuandika kemia. Arlena akasema kwa sababu anataka kuwa daktari. Bi Okerlund akavua miwani.

"Sikiliza, Arlena. Chuo cha udaktari, utakachokwenda baada ya shahada ya hapa, hakikuulizi umesoma nini. Kuna masomo manane ya sayansi lazima uyapite, na utayapita, kwa kuwa utayachukua moja moja. Mengine yote ni yako. Wao wanatazama wastani. Chagua unachokiweza, upate alama za juu. Ukichukua kemia utakutana na kozi kumi ambazo hakuna daktari anayezihitaji, nazo zitakuzamisha."

"Hata historia inafaa?"

"Hata ushonaji, kama tungekuwa nao."

Akamweleza na jambo la pili. Mwishoni, kamati ya chuo huandika barua kwa ajili ya kila anayeomba. Kamati hiyo haimwandikii mtu mwenye wastani chini ya tatu na nusu kati ya nne, na bila barua yao vyuo vingi havifungui hata bahasha. Arlena alitoka ofisini mwili umekuwa mwepesi. Akaenda moja kwa moja kituoni akapanda basi la kwenda nyumbani.

Verlon alikuwa kwenye baraza, amefunikwa blanketi, mpira wa oksijeni puani. Theluji ilikuwa bado imelala kwenye vivuli vya mlima. Arlena alikaa kwenye ngazi chini yake, akamweleza yote kwa utaratibu, kama alivyoambiwa. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Historia," alisema. "Mimi hapa ndiyo historia, mwanangu. Nimekaa barazani bure, huna haja ya kwenda mbali."

"Sifanyi utani, Baba."

"Huyo mama ana wagonjwa wangapi?"

"Hana. Yeye si daktari."

"Haverkamp ana bonde zima." Akavuta pumzi. "Nilisimama, Arlena. Unajua mimi kusimama ni kazi gani."

"Najua."

"Hobart kila Jumapili ananiuliza, kemia inakwendaje. Nimwambie imekwenda wapi?"

Mama yake, Maudie, alitoka na mkate wa mahindi kwenye sahani, akawatazama wote wawili, akairudisha sahani ndani bila kuiweka chini. Siku iliyofuata Arlena alirudi chuoni na fomu ileile, haijajazwa.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni alipiga simu nyumbani. Baadaye aliirudia simu ile kichwani mara nyingi kiasi kwamba hakuwa tena na hakika ni maneno gani yalisemwa na yapi aliyaongeza mwenyewe. Lakini hili alilikumbuka. Alisema, "Baba, kesho naandika." Kisha akamngoja. Alikuwa ameamua kwamba akiambiwa neno moja tu la kulegeza, hata lile la kusema utajua mwenyewe, ataandika historia. Upande wa pili mashine ya oksijeni ilivuma. Karatasi ikachakacha. Verlon alikohoa, akaanza kusema kitu, akaacha.

"Fanya ulichosema," alisema mwishowe.

Asubuhi akaandika kemia.

Miaka miwili iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Arlena aliamka, akaenda maabara, akarudi. Alipunguza kula, alipunguza kuongea. Kemia ya kaboni alipata C. Ile iliyochanganyika na fizikia, mojawapo ya zile kozi kumi za Bi Okerlund, alianguka, akairudia, akapata C nyingine. Hata katika masomo ambayo angefanya vizuri alama zilishuka, maana muda wote uliliwa na yale mengine. Dessa alimfundisha usiku mwingi, akiwa ameketi sakafuni. Alikuwa na uwezo wa kueleza kitu mara tano bila kukasirika, na jambo hilo lilimuumiza Arlena zaidi kuliko kama angetukanwa.

Bi Okerlund hakumwambia nilikwambia. Alimgeuzia tu karatasi aisome mwenyewe. Wastani ulikuwa mbili na nukta tisa. Kamati haitaandika barua.

Arlena aliomba bila barua, vyuo vinne. Dessa aliomba na barua, akachukuliwa na vitatu. Siku Dessa alipopata jibu la kwanza alificha bahasha chini ya godoro wiki nzima, na Arlena akaiona wakati anatandika vitanda, akairudisha palepale.

Vyuo vyote vinne vilimkataa kabla ya Krismasi. Alirudi nyumbani kwa likizo ndefu ya baridi, akisema anasubiri. Verlon wakati huo hakuweza tena kulala kitandani. Alilala amekaa, kifua kimeegemezwa kwenye mito mitatu, na vidole vyake vilikuwa vya rangi ya zambarau. Kila alasiri gari la posta lilipopita aligeuza macho kwa binti yake.

"Wamekujibu?"

"Bado, Baba."

Alimuuliza hivyo Januari nzima. Alikufa tarehe mbili Februari, saa nne asubuhi, posta ikiwa haijapita. Kanisani Hobart alisema ndugu Verlon ameondoka akijua bonde limepata daktari wake, na Arlena, aliyekaa benchi la mbele katika gauni la kuazima, alitazama mikono yake.

Alimaliza chuo, na mwaka uliofuata aliomba tena, akakataliwa tena. Baada ya hapo akachukua kazi ambayo Haverkamp alimpa, ya kupima pumzi kwenye kliniki. Ni kazi ya kumwekea mchimbaji mrija mdomoni na kumwambia apulize, apulize, asiache, apulize, mpaka mstari kwenye mashine ulale. Aliifanya vizuri. Wazee walisema huyu ana sauti ya upole, hakufokei. Walimwita Daktari Mdogo. Wengine walidhani bado anasubiri.

Mwezi Mei, mwaka wa pili wa kazi hiyo, mvua ilipasua paa la kliniki na maji yakashuka ukutani ofisini kwa Haverkamp. Fundi alitaka ukuta uwe wazi. Arlena alishika chati upande mmoja na daktari upande wa pili, wakaiteremsha. Nyuma yake plasta ilikuwa nyeusi kwa ukungu, kwa umbo la chati yenyewe.

"Usiichane," Arlena alisema. "Ndiyo shule yako hii, Daktari."

"Hii? Hii niliikuta." Haverkamp alifuta mikono kwenye koti. "Nyumba hii ilikuwa ofisi ya kampuni. Walikuwa na maabara ya kupima makaa humu. Niliiacha kwa sababu inaziba huo uchafu."

Arlena aliendelea kushika upande wake.

"Lakini ulisoma kemia."

"Kemia nilipita kwa kuombewa. Mimi nilisoma Kigiriki. Miaka minne ya Kigiriki, baba yangu nusura anifukuze." Akacheka, kisha akaacha, kwa kuwa alimwona usoni. "Lakini hayo unayajua. Nilimwambia Verlon."

"Ulimwambia lini?"

"Wewe ukiwa chuoni. Machi, theluji ilikuwa haijayeyuka. Alikuja Jumanne, na haikuwa siku yake. Akaniuliza nilisoma nini. Miaka yote ile, swali la kwanza kuniuliza. Nikamwambia, na nikamwambia mtoto asome anachokipenda, haidhuru. Akaniomba nimwandikie. Alisema akifika kwenye simu atashindwa kulieleza."

Arlena aliweka chati chini, akaiegemeza kwenye kiti. Mgonjwa alikuwa anasubiri. Akaenda akamwekea mrija, akamwambia apulize.

Jioni, nyumbani, aliiteremsha kutoka juu ya kabati ndoo ndogo ambayo baba yake alikuwa akibebea chakula mgodini. Ilikuwa ya bati, imebonyea pembeni, na tangu alipoacha mgodi Verlon aliweka humo makaratasi yote yaliyokuwa na maana: cheti cha ndoa, hukumu ya fidia, hati ya kaburi. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya dawa ya Haverkamp, imekunjwa mara nne. Pale panapoandikwa dawa paliandikwa: Kigiriki, miaka 4. Somo lolote linafaa. Mwache achague. Juu yake palikuwa na tarehe. Aliihesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji. Ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya simu.

Maudie alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Ulijua?" Arlena aliuliza.

"Nilijua imo humo."

"Alikuwa nayo siku ile nilipopiga?"

"Alikuwa ameiweka gotini. Nilimwona ameifungua."

"Mbona hakunisomea, Mama?"

Maudie alikausha mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. Alisema Verlon aliwaza kwamba mtoto ana kichwa, ataweza tu, kemia au si kemia, na kwamba kama ataweza, basi hakuna haja ya yeye kusimama tena mbele ya watu na kusema lile la kwanza halikuwa kweli. Pumzi ya kusimama mara ya pili hakuwa nayo.

"Alikuamini," Maudie alisema. "Usiligeuze hilo liwe kosa lake."

Arlena alikunja karatasi mara nne, akairudisha chini ya makaratasi mengine.

Agosti ikafika. Walirudi wa Ohio na wa Michigan, wakaweka maua. Mwaka ule waliokuwa wakiondoka walikuwa wawili. Msichana wa kwanza alisema anakwenda Lexington kufanya kazi hotelini. Wa pili alikuwa mjukuu wa Hobart, Tavis, kijana mwenye masikio mekundu aliyekuwa wa kwanza darasani mwake. Alisimama akasema anakwenda kusomea udaktari.

"Unaanzia wapi, mwanangu?" Hobart alimuuliza, ingawa usoni alionyesha kwamba analijua jibu.

"Kemia," alisema Tavis. "Kama Daktari."

Arlena akasimama.

Hobart alimtazama kwa mshangao wa heshima. Aliyesimama ni anayeondoka.

"Dada Arlena. Unatuacha?"

"Siondoki."

"Basi umesimama na nini?"

Alishika benchi la mbele, palepale baba yake aliposhika. Kanisa lilinyamaza ili limsikie.

"Daktari alisoma Kigiriki," alisema. "Ile chati ni ya kampuni, aliikuta ukutani. Hakusoma kemia. Vyuo havitaki kemia, vinataka alama. Mimi nilikataliwa miaka miwili mfululizo, sisubiri kitu. Baba alijua. Aliandikiwa. Karatasi ipo."

Kisha akakaa, maana hakuwa na la kuongeza.

Hakuna aliyegeuka. Mtoto mmoja aliangusha kitabu cha nyimbo na mama yake akakikanyaga ili kisiokotwe kwa kelele. Tavis alikuwa bado amesimama, anatazama chini. Hobart akaanzisha wimbo, mstari mmoja peke yake, na watu wakaupokea polepole kama kawaida yao, wakauimba mpaka mwisho, beti zote saba.

Mezani hakuna aliyekaa karibu nao. Katika gari, Maudie alishikilia bakuli la maharage mapajani. Lilikuwa bado limejaa, halijaguswa. Walipovuka daraja akasema:

"Umemvua nguo baba yako kaburini."

"Najua, Mama."

"Kijana ungemwambia pembeni."

"Mimi niliambiwa pembeni, na bado nikaandika kemia," Arlena alisema.



Jumatatu Hobart alikuja kliniki. Naye alikuwa mchimbaji wa zamani; ilikuwa zamu yake ya kupimwa pumzi, na si mtu wa kukosa zamu. Alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akaiweka gotini. Ukuta wa ofisi ya Daktari ulionekana mlangoni, mweupe, umepakwa chokaa. Hobart aliutazama muda kidogo. Arlena alimfunga kibanio cha pua, akafungua mrija mpya.

"Kijana anaondoka Alhamisi," Hobart alisema kwa sauti ya puani.

Arlena aliunganisha mrija kwenye mashine.

"Nimeongea naye. Na baba yake ameongea naye." Aligeuza kofia gotini. "Ameshasema kemia, Dada Arlena. Mbele ya watu."

Arlena alimwekea mrija mdomoni, akahakikisha midomo imeushika vizuri, akabonyeza mashine.

"Puliza," alisema. "Puliza, puliza, usiache."

Hobart alipuliza mpaka shingo ikatoka mishipa na macho yakajaa maji. Mstari ulipanda kidogo, ukalala. Ulikuwa chini ya ule wa mwaka jana. Arlena aliandika namba kwenye kadi yake, akampa dakika mbili apumzike, kisha akamwambia warudie.